Picha Iliyogeuka Kioo

Jumatatu, 4 Mei
Picha zinalala tena. Mashine ya eksirei ya kliniki hutoa kila picha imelala ubavu, na dokta anaisoma kwa kupinda shingo. Nimeahidi kuandika programu ya kuzisimamisha. Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba tu, mistari ya kulala na safu za kusimama. Lakini kompyuta yetu ni ya zamani, haina nafasi ya jedwali la pili. Nitageuza ndani ya lile lile. Nitaweza.

Jumanne, 5 Mei
Mistari nimeifanya safu. Picha imesimama. Dokta kafurahi. Nimerudi nyumbani Mangobo kwa miguu, najisifu njia nzima.

Alhamisi, 7 Mei
Asubuhi wameleta Mama Riziki, muuza samaki, hapumui vizuri. Maji kando ya pafu moja, ya kutolewa kwa sindano. Picha ilionyesha kushoto. Dokta alikuwa na sindano mkononi, akasikiliza mgongo kwanza, akasita.

“Mwamini, picha iko inasema kushoto. Mimi nasikia maji kuume.”

Nikatazama. Hata moyo ulikuwa upande usio wake.

“Dokta, kosa ni yangu. Programu imegeuza picha kama kioo.”

Akachoma kuume. Maji yakatoka.

Ijumaa, 8 Mei
Nilitaka kuacha kazi. Dokta kauliza neno moja: “Utatengeneza?” Nimesema ndiyo.

Nimeandika moja mpaka tisa kwenye karatasi, mistari mitatu. Mistari ikiwa safu, juu nasoma 1 4 7. Kisha nimezungusha karatasi yenyewe kwa mkono. Juu ni 7 4 1. Mjinga mimi. Hatua moja ilikosekana: baada ya kubadilisha, kila mstari upinduliwe, namba ya mwisho iwe ya kwanza.

Jumamosi, 9 Mei
Imekubali. Sikujiamini. Papa Asumani, mpiga picha wetu, sasa anaweka herufi ya madini ya risasi, inayotokea kwenye picha, pembeni ya kila mgonjwa. Ikisomeka kinyume, tunasimama. Picha zote za wiki nimezirudia, moja moja, mbele ya dokta. Hakuna mgonjwa mwingine aliyetibiwa upande usio wake.

Jumatatu, 11 Mei
Mama Riziki ameketi kitandani, anakula lituma, ndizi za kuponda, na samaki. Kaniuliza kazi yangu hapa. Nimemwambia ukweli: mimi ndiye niliyegeuza picha yake vibaya. Amesogeza miguu, amenipa nafasi, na sahani ameivuta katikati yetu.

“Kaa, mutoto yangu. Kula.”

Nimekula.