Jani Lililofungwa Karatasi Nyeusi

Jumatatu, 8 Machi 1954
Darasa la akina mama. Leo kumi na mmoja tu. Wakishuka chini ya kumi, mkuu wa shule atalifunga. Nikafundisha kwamba mmea hauli udongo. Unajitengenezea chakula ndani ya jani, kwa maji, hewa na mwanga. Wakacheka. Mama Ngoie, mkulima wa viazi vitamu, alicheka kuliko wote.
"Mwalimu, kiazi iko nakula udongo. Minyi nalima tangu weye haujazaliwa."
Nimekasirika. Nimeahidi kuwaonyesha Ijumaa. Kinywa changu hiki!

Jumanne, 9 Machi
Muuguzi wa dispensari kanipa iodini. Spiriti ya kutoa rangi ya jani hana. Dukani wamekataa kuniuzia, wakidhani nitainywa.

Jumatano, 10 Machi
Shambani kwa Mama Ngoie. Nimefunga karatasi nyeusi katikati ya jani moja. Nikamweleza shida yangu. Akatazama njia huku na huku, akaingia jikoni, akatoka na chupa. Lutuku, pombe ya kukenekwa kienyeji, ile kali inayotoka kwanza. Marufuku kabisa kuitengeneza.
"Usiseme iko ya minyi."
Naogopa. Pia nataka kucheka.

Alhamisi, 11 Machi
Mawingu. Mvua kutwa. Jani litapika nini? Sikula.

Ijumaa, 12 Machi
Jua tangu asubuhi! Tukangoja hadi saa nane, tukachuma jani, tukalipeleka darasani na kulifungua karatasi. Tukalichemsha, kisha tukalitia kwenye kikombe cha lutuku, kikombe ndani ya maji ya moto. Darasa zima likanuka. Mkuu wa shule akasimama mlangoni, akanusa. Mama Ngoie akainamisha kichwa.
"Ni dawa ya somo," nikasema.
Mkuu akabaki kutazama.
Jani likapauka. Nikadondosha iodini. Pembeni likawa bluu, karibu na weusi: wanga, chakula. Katikati, palipofungwa, hakuna kitu. Mkanda wa kahawia hafifu, rangi ya iodini tu.
Halafu kigelegele cha Mama Ngoie.
"Njo vile! Iko napika! Jua njo moto yake!"
Tukacheza kati ya madawati. Mkuu wa shule akapiga makofi. Nimefurahi hadi machozi.

Jumatatu, 15 Machi
Kumi na saba! Wawili wamekaa sakafuni.

Jumamosi, 20 Machi
Mvua imekatika. Mimi na Mama Ngoie tumeokota uyoga msituni. Akashika mmoja, akaugeuza taratibu.
"Huyu hana jani. Anapika wapi?"
"Hapiki. Anakula mti uliooza, yaani kilichopikwa na majani ya mti huo."
Akautia kikapuni.
"Basi iko kama siye."
Tukaendelea kuokota.