Mutambo Usiokosa Cheche

Massoudi, jibu. Hata kama uko bandarini, jibu.

Kuna mutu wa Kanyosha hapa atelier, kwenye karakana yangu. Mi niko nyuma, nimesema naenda choo. Ameleta mitambo miwili ya kufyatulia bunduki ya kienyeji, ile ya kujaza baruti kwa mudomo wa mututu. Anataka nimuchagulie yenye haikosi, juu vita imefika mupaka kwao.

Nimevuta nyundo ya kwanza, jiwe lake la cheche limegoma. Nimevuta ya pili, cheche paa! Mara moja. Na mi mujinga nimecheka! Nimesema: "Chukua hii, muzee. Ni kazi ya mukono wangu mwenyewe. Haikosi hata siku ya mvua."

Kwa mudomo wangu, Massoudi. Hakuna aliyeniuliza.

Hakucheka. Amesema: "Asante. Nimezunguka Buyenzi yote nikiuliza ni kazi ya nani, mafundi wote wananyamaza. Leo nimeuliza muzuri."

Wallahi nimeuweka mutambo chini.

Amesema: "Niliitoa kwenye bunduki waliyoangusha kwangu wale waliotushambulia, wakikimbia. Siku ile ilinyesha. Haikukosa. Muke wangu ndiye alifungua mulango."

Haikukosa. Amerudilia neno langu polepole, akiniangalia.

Ameuliza nilitengenezea nani. Nimesema sikumbuki. Amesema atangoja nikumbuke.

Massoudi, nilitengeneza moja tu kama ile, nikakupa we. Ulisema ni ya mujomba wako, ya kuwinda. Uliuzia nani?

Usikuje kunywa chai leo. Amekaa kwenye kiti chako.