Nafasi Yetu ya Kombe, na Wewe Hupo Nyuma ya Mpigaji

Yaya Bahati, kaka yangu mkubwa,

Usianze kucheka mwandiko wangu. Najua ulisema herufi zangu zinalala ovyo kama walevi, lakini leo kalamu ninayo mimi na wewe huwezi kujibu, kwa hiyo vumilia. Mama yuko kazini kwa wale wazee anaowatunza, nyumba imenyamaza, na mimi nimekaa kwenye kiti chako. Ndiyo, kile kile ulichonikataza. Njoo unitoe basi.

Tumeingia fainali.

Nakuandikia tena ili uamini: Tunakuja iko fainali ya ligi ya besiboli ya Jumapili. Timu uliyoianzisha na vijana wa weahausi, kule ghalani, na gongo moja la kupigia mpira, la kuazima. Timu iliyopata jina kwa sababu kila tukipigiwa simu tunasema "tunakuja, tunakuja" na bado tunatafuta viatu chini ya kitanda. Hiyo hiyo. Kesho tunashuka Houston kucheza na Gulfton, na gari la Musa, jirani yetu wa juu, limeshajazwa mafuta na maji ya kunywa, maana jua la huko unalijua.

Huku Lewisville kila mtu ananiuliza. Kwenye pakingi, kanisani, hata yule mama wa Kivenezuela tunayekutana naye pa kufulia. "Fiston, mtashinda?" Nawajibu kama Fiston anavyojibu: tayarisheni kabati, kombe litahitaji pa kulala. Wanacheka, wananipiga mgongoni, wanaondoka wakiwa na furaha. Lakini wewe sikudanganyi, yaya. Nikikudanganya wewe nani atabaki wa kumwambia ukweli?

Nianze na mazuri, na mazuri ya kwanza ni mimi. Usigune. Mkono wangu msimu huu umekuwa kitu cha hatari, wangeniwekea kibao cha onyo. Kwenye nusu fainali tulikutana na Fort Worth, wale wenye jezi nyekundu, na yule mrefu wao mwenye ndevu aliyekuita babu ulipokuwa unakaa chini polepole kwa sababu ya mgongo. Unamkumbuka? Nilimrushia mipira mitatu. Hakugusa hata upepo wake. Alirudi kukaa akiwa analitazama gongo lake kama limemsengenya. Nikamwambia, "Salamu kutoka kwa babu." Hakuelewa, lakini mimi nililala vizuri siku ile.

Musa anakimbia kuliko zamani. Wapigaji wetu wameacha kupiga kila kinachopita, wanasubiri mpira wao kama ulivyowafundisha. Wale wa mbali uwanjani hawagombani tena wakati mpira uko hewani. Ungeona. Ungekaa kwenye kile kiti chako cha kukunja, na bendeji ya mashine ya kusafisha damu bado mkononi, ungesema, "Sasa mnafanana na watu."

Ubaya uko katikati, yaya. Uko pale nyuma ya mpigaji, ulipokuwa unachuchumaa wewe.

Kwenye nafasi yako tumemweka Kamau. Yule Mkenya nesi wa Plano, uliyemwita Daktari wa Magoti kwa sababu kila akichuchumaa unasikia mlango mbovu unafunguka. Kila nikirusha analalamika: "Wewe kijana, hii ni mpira ama ni ambulensi?" Anadaka lakini. Nampa haki yake, anadaka. Na ndiye aliyekuwa anamweleza Mama maneno ya madaktari siku zile figo zako zilipokataa, akiyarudia mara ya pili na ya tatu bila kuchoka. Kwa hiyo simtukani sana. Namtukana tu kidogo, asijisahau.

Tatizo ni ile kazi yetu mimi na wewe, ile ya kupiga kelele.

Timu zote duniani, mdakaji anaonyesha vidole katikati ya mapaja, mrushaji anaona, anajua arushe mpira gani, na yule mwenye gongo hajui kitu. Sisi hatukuwahi. Tangu siku ya kwanza vidole vyako sikuviona hata kimoja. Kutoka pale ninaposimama wewe ulikuwa donge la bluu lenye kofia. Nikawa natikisa kichwa tu kama mtu anayefikiri, halafu narusha ninachotaka, na mpira unakupata kifuani. Ukaja mpaka kwangu, ukanishika shingo, ukasema, "Mdogo wangu, wewe ni kipofu mwenye majivuno, ugonjwa mbaya sana huo." Hukumwambia mtu. Ukarudi kuchuchumaa, ukaanza kupiga kelele kwa Kiswahili mbele ya watu wote. "Kali!" nikarusha wa haraka. "Pinda!" nikarusha wa kupinda. "Pole!" nikarusha ule wa kumlaza mtu. Wameksiko, Wadominika, Wamarekani, wote walidhani unanitia moyo tu. Mwamuzi mmoja alikusifu kwamba unampenda sana mdogo wako.

Kamau akaokota hapo hapo ulipoachia, na lafudhi yake ya Nairobi, na tumeshinda nayo mpaka fainali.

Sasa sikia. Baada ya nusu fainali mimi na Musa tulikwenda Houston kuwachungulia hawa Gulfton. Tukasimama kwenye uzio, mimi na soda yangu, najisikia kocha. Akaingia jamaa mmoja kupiga, mpana, tumbo limetangulia. Nikamwambia Musa kwa sauti yangu ya kawaida, na unaijua sauti yangu, "Huyu nyama yote hii mimi nampinda mara moja anaanguka." Jamaa akashusha gongo. Akageuka. Akasema, kwa Kiswahili cha Uvira kabisa, cha nyumbani, "Kijana, nyama hii imelishwa na mama yako? Kaa pale uone."

Akaupiga ule mpira, yaya, nadhani bado unasafiri.

Kumbe karibu nusu ya timu ni watu wetu. Wametoka kambi zile zile za wakimbizi, wengine walipita Kigoma kama sisi. Walitukaribisha sambusa baada ya mechi, yule mpana akanikumbatia na kunisugua kichwa, akasema, "Jumapili ya fainali njoo na huo mpira wako wa kupinda." Nilicheka. Ndani ya gari sikucheka. Kesho Kamau akipiga kelele "pinda," yule baba atasubiri mpira wa kupinda akiwa ametulia kama anasubiri chai.

Tulijaribu kubadilisha. Kifaransa wanakijua kuliko mimi. Kamau akaleta Kikuyu, nikamwambia labda tuahirishe fainali mpaka mwakani nimalize kukisoma. Musa akaja na majina ya vyakula: sombe, ugali, maharage. Tukafanya mazoezi, nikarusha maharage palipotakiwa ugali, Kamau akapigwa begani na kutoa maneno ambayo nesi hatakiwi kuyajua. Na hata ningeyashika, hao watu si wajinga. Wangesikia sombe mara mbili wangeijua.

Vimebaki vidole tu.

Kamau hakuuliza kwa nini navikwepa. Alikuja asubuhi moja, akaniambia panda gari, akanipeleka kupimwa macho. Yule dada wa kupima akaniambia nisome herufi ya juu kabisa. Nikamuuliza iko wapi. Kamau akatoka nje, nadhani alikwenda kucheka, lakini aliporudi hakuwa na uso wa kucheka. Sasa nina miwani, yaya. Fremu nyeusi. Nikiivaa nafanana na mtu aliyemaliza shule.

Alhamisi mazoezini nikaivaa. Uwanja wote ukaruka kunijia. Nikaona majani moja moja. Nikaona mishono ya mpira. Nikaona vidole vya Kamau, kimoja, viwili, safi kabisa, hata plasta kwenye kidole gumba. Nikarusha mmoja mkali, ukaingia kwenye glavu yake kama umeitwa jina. Akainua ile kofia ya waya ya usoni, akanichekea kwa furaha.

Nikaivua. Nikasema inaniumiza pua.

Musa alikasirika kweli. "Yaani tutapigwa Jumapili kwa ajili ya pua yako? Pua yenyewe hii?" Wengine wakaanza. Nikawajibu mbovu, nikachukua begi, nikatembea mpaka nyumbani. Wanafikiri ni maringo. Wananijua, kwa hiyo siwalaumu. Ningekuwa wao ningefikiri hivyo pia.

Lakini wewe nakuambia. Yaya, tangu tukuzike, mimi pale mbele naona donge la bluu lenye kofia. Linachuchumaa. Linanipigia kelele kwa Kiswahili. Msimu mzima... mimi nimekuwa nakurushia wewe. Najua sana ni Kamau. Sijawa kichaa. Lakini macho hayakuwa na ushahidi, na mimi sikuyauliza. Nikishinda nilikuwa nanyoosha mkono kule, na lile donge linanyoosha mkono. Ulikuwa unacheza, basi. Tulikuwa hatujaachana.

Alhamisi, ile kofia ya waya ilipoinuka, chini yake palikuwa na uso wa Kamau, na pengo lake, na jasho. Wewe hukuwepo. Niliiona hiyo vizuri kuliko herufi za yule dada.

Usiku ule Mama alinikuta jikoni sijawasha taa. Musa alikuwa ameshamsimulia habari za miwani. Aliweka mkoba wake mezani, akaniuliza, "Ni pua, au ni Bahati?" Akavua viatu vya kazi, akasugua miguu yake, akasema, "Mimi kitanda chake nakiona kila asubuhi. Nakiona vizuri. Halafu nakwenda kazini." Akaanza kumenya vitunguu.

Kesho anakuja Houston. Hajakanyaga uwanjani tangu wewe uondoke. Ameshakunja kitambaa chake cha kichwa na ataniaibisha kwa kupiga kelele "goli!" kama kawaida, na sitamsahihisha.

Basi hii ndiyo hesabu yangu, uliyokuwa unaitaka kabla ya kila mechi. Kwa macho haya niliyozaliwa nayo, Gulfton watatufagia mpaka nje ya mji, na Musa ameshapata kazi Iowa, na wengine wanamfuata, kwa hiyo hakuna mwakani kwa Tunakuja. Kwa miwani, tunaweza. Sisemi tutashinda. Yule mpana ananinyima usingizi. Nasema tunaweza, tena vizuri, na mimi sijawahi kusema kitu kidogo namna hii maishani.

Nimempigia Kamau. Nimemwambia kesho anionyeshe vidole, afunge mdomo. Akasema, "Sawa, boss. Kata kucha basi na wewe, tuonekane watu." Sijui kucha zangu zinahusikaje. Wakenya.

Lala, yaya. Na mimi naondoka kwenye kiti chako, Mama anakaribia kurudi na anapenda kukikuta kitupu.

Nakuahidi hivi: nitavaa miwani kabla sijashuka garini, wote waione, wacheke wamalize. Nitapanda pale juu kwenye kilima cha mrushaji, nimtazame Kamau kwamba ni Kamau. Ikiwa vioo vitalowa nitavifuta kwa jezi, nitaviweka tena puani, na nitarusha.

Mdogo wako,
Fiston