Neno Uliloliruka

3 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepunguza ukorofi. Mimi sijambo. Najua umeshtuka kuona barua pepe yangu. Miaka minne si mchezo.

Siandiki ili tupatane. Nina shida. Niko kwenye majaribio katika chumba cha kompyuta cha hospitali, na mkuu wangu kasema wazi: nikiweza kuifufua mashine iliyokufa bila mtu kunisomea skrini, kazi ni yangu. Nikishindwa hadi mwisho wa Mei, kwaheri. Tabu ni kwamba programu zinazotusomea sisi tusioona huamka mwisho kabisa. Mashine ikikwama kabla ya hapo inakuwa bubu, nami nabaki kuuliza kila anayepita, "Samahani, imeandika nini?"

Basi naunda kiini changu mwenyewe. Kiini ni ile sehemu ya ndani ya mfumo, inayoamka kwanza na kulala ya mwisho. Sauti naiweka humo humo. Ila sauti niliyonayo inasema Kiswahili kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Wewe umetangaza treni stesheni miaka thelathini. Nakuomba unirekodie maneno mia mbili na arobaini, orodha hii hapa. Yasome yote, Baba. Safari hii usiruke.

Mwanao,
Maswali

11 Machi

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Goti lipo, linajua habari za mvua kabla ya redio. Mama yako mzima, anakusalimu mara tatu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Hilo la kuruka nimelielewa. Barua ya chuo ilipofika uliketi kando yangu ukasema, "Baba, nisomee." Nikaona wamekukataa, nikasema wanataka usubiri. Ukasubiri miezi minane. Kila siku nilipanga kukwambia, na kila siku niliahirisha. Sina la kujitetea.

Narekodi ndani ya kabati la nguo, maana makoti yanameza mwangwi. Mama yako ananipitishia chai mlangoni na kuuliza kama nimehamia. Namba na herufi nimemaliza. Lile "hodi" la mwanzo nimelirudia mara kumi na tisa. La kazi gani?

Baba yako

30 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo, na pole kwa kuishi kabatini. Mimi mzima.

"Hodi" ndilo neno la kwanza mashine inapowashwa, ili nijue kiini kimeamka. Jana ilisema kwa mara ya kwanza, kwa sauti yako, nami nikaitikia "Karibu" mbele ya ofisi nzima. Mpaka leo wananibishia hodi kwenye meza.

Lakini nimehesabu mafaili. Yako mia mbili thelathini na tisa. La mwisho, "Nimekwama", halipo. Mashine ikifa itakufa kimya, na ndilo neno ninalolihitaji kuliko yote. Mengine yote ni mapambo. Umesahau, au umeruka?

Maswali

26 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na natumaini nawe pia.

Nimeruka. Umeniuliza nami nimekaa wiki nne bila kujibu, kwa hiyo najibu. Nimewaambia watu nisiowajua kwamba treni yao haiji leo wala kesho, na sauti haikutetereka hata siku moja. Lakini nikikuwaza uko peke yako mbele ya mashine, halafu mimi ndiye wa kukwambia mambo yameharibika, najikuta nimezima kinasa sauti. Nilijaribu mara nyingi. Mama yako alinifungulia kabati akanikuta nalia, akafunga tena.

Nimekutumia rekodi mbili. Ya kwanza ni neno lako. Ya pili ni ile barua ya chuo, niliyokuwa nimeificha humo humo chini ya makoti. Nimeisoma yote, hadi mstari wa mwisho, waliposema ungeweza kuomba tena kabla ya Januari. Hilo hukuwahi kulijua. Nilikunyima na nafasi ya pili.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, neno tumia.

Baba yako

29 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimenyamaza mwezi mzima na nilikusudia. Ile ya pili niliisikiliza mara moja, nikazima, nikaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi. Ya Januari imeniuma sana. Bado inauma, nitakueleza ana kwa ana.

Jana ilikuwa mtihani. Mkuu aliiharibu mashine mwenyewe, akakataa kuniambia wapi. Nikawasha. Ukapiga hodi. Halafu ukanyamaza, nami nikasogeza sikio karibu na mashine. Kisha ukasema, kwa ile sauti yako ya treni haiji, "Nimekwama. Diski. Mbili. Saba. Nne." Hukutetereka. Nikajua pa kugusa, na baada ya dakika kumi na moja ilikuwa imeamka yote.

Kazi ni yangu, Baba. Mkuu akauliza huyu mzee anayeongea humu ni nani. Nikamwambia ni baba yangu, ananisomea.

Jumamosi nakuja na treni ya asubuhi. Ikichelewa, niambie ukweli. Mlangoni nitapiga hodi mwenyewe. Jibu lake sikuliweka kwenye orodha, lakini unalijua.

Mwanao,
Maswali