Kwa Musyoka, Aliyeimba Kuhusu Mikonge Inayotembea

Kaka Musyoka,

Mwezi uliopita nilihudhuria ibada ya vijana kanisani kwetu Kilungu. Walikuwa na magitaa mawili ya umeme, besi, na drams mpya. Walipiga roki, ile yenyewe, gitaa likinguruma hadi madirisha yakatetemeka, na wazee wakatikisa vichwa kwa kufuata mdundo. Nilikaa nyuma nikasikiliza maneno. Yalikuwa matamu. Hayakumgusa mtu yeyote. Nikakuwaza wewe.

Wewe ulikutana na muziki huo kwa bahati, kwenye meza yako ya kutengeneza redio pale sokoni Salama. Dereva wa lori alikuachia redio yenye kanda iliyokwama ndani, na hakurudi tena. Ulipoifungua na kuicheza ile kanda, tulisikia Wazungu wakimwimbia Yesu kama watu wanaogombana. Kiingereza chao kilitupita. Uliirudisha nyuma mara nyingi sana, ukiandika neno mojamoja kwenye daftari, hadi siku moja ukaniita.

"Mwende, hawa jamaa wanacheka. Wanajicheka wao kwanza, halafu wanalicheka kanisa."

"Hiyo si dharau?"

"Hapana. Sikiza tena."

Nilisikiza, sikuona kitu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba walilipenda kanisa kiasi cha kukataa lijidanganye, na kwamba gitaa lilikuwa na kelele ili utani usemwe hadharani, usiwe kama masengenyo ya pembeni.

Ulinifundisha drams kwa ndoo na sufuria. Tukawa bendi ya watu wawili, na mchungaji akaturuhusu kuimba Jumapili ya mavuno. Nyimbo mbili za kwanza zilipita salama. Ya tatu ulikuwa umeiandika mwenyewe, na mimi niliijua vizuri, kwa sababu tuliifanyia mazoezi wiki tatu. Ilihusu mtu mwenye haleluya kubwa kuliko wote.

"Mimi nimeokoka," uliimba, "hata mikonge yangu imeokoka, kila msimu inapiga hatua."

Watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika, safu moja baada ya nyingine, kwa sababu kila mtu alijua ni ua wa mikonge wa nani uliokuwa ukisogea ndani ya shamba la mama mdogo tangu mumewe, baba mdogo, afariki. Baba yetu, mzee wa kanisa, aliinuka kwenye kiti chake cha mbele akatoka nje. Ulimaliza wimbo. Nami nilipiga hadi mwisho.

Jumamosi iliyofuata kamati ya kanisa ilituita kanisani, tulikokuwa tumeacha vyombo vyetu. Baba alikaa nao, akiangalia sakafu.

"Nani alikufundisha kutukana wazee?" mwenyekiti akauliza.

"Sijamtaja mtu. Nimesema 'mimi'."

"Wewe una shamba gani?"

Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi kuuliza kama nilikubaliana na maneno yale. Nikasema nilipiga drams tu. Uliniangalia kidogo, bila hasira, ukaanza kukunja waya wa gitaa. Kabla ya mwezi kwisha ulikuwa umehamia Matinyani, kule Kitui. Ulitengeneza redio huko, baadaye simu, ukaoa, na hukuimba tena mbele za watu. Kwetu ulikuja kwa mazishi na harusi pekee. Wewe na baba mlisalimiana kwa mkono, mkaulizana habari za mvua.

Kuna jambo hukuambiwa. Msimu uliofuata, kabla ya kupanda, baba aliniamsha alfajiri nimshikie kamba ya kupimia mpaka. Aling'oa mikonge yote, mmoja mmoja, akairudisha kwenye mpaka wa zamani, ule aliouacha babu. Miiba ilimchana mikono. Mama mdogo alitoka akasimama mlangoni na kikombe cha chai, akatutazama. Tulipomaliza baba akaniambia, "Musyoka asijue." Nikatii. Ulinipigia simu miaka yote hiyo, tukaongea habari za watoto na mahindi, nami nikatii.

Figo zako zilipokataa kabisa, nilikuja hospitalini Kitui nikakaa kando ya kitanda siku nne. Wakati huo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikukanda miguu.

Tumekuzika nyumbani. Baba ni mzee sasa, anatembea kwa shida, lakini alisimama ibada nzima. Wiki moja baadaye nilimpelekea uji, akaniuliza bila kuniangalia:

"Alijua kwamba niliirudisha?"

"Hapana, baba. Ulinikataza."

Alikoroga uji hadi ukapoa.

"Afadhali ungenikaidi," akasema.

Kwa hiyo nimekuandikia. Ulikuwa na haki, na wimbo wako ulifanya kazi. Ni mimi niliyekunyima habari hiyo.

Lala salama, kaka.

Dada yako,
Mwende