Consolée Anamngoja Achille

Bwera, 3 Machi 2025

Yaya Achille, kaka yangu,

Salamu toka huku mupakani. Tuko wazima. Wewe je, unakula, ao ni chai tu? Aaron wangu ametoa jino la pili, ananiuma akinyonya.

Jumapili padri alitangaza: Julai Achille wetu anamaliza udaktari wa usingizi, ule wa kulaza wagonjwa wanaopasuliwa, atafanya kazi hapa kwetu, hospitali ya masista. Mimi ndiye nilimupa hiyo habari. Watu wakapiga makofi mpaka Aaron akalia.

Mama Consolée, mama wa ubatizo wa Aaron, iko na uvimbe tumboni, damu inamutoka. Hospitali ya Kasese walimupa siku ya kupasuliwa, amekataa. Anasema: "Naogopa usingizi wa mutu nisiyemujua. Achille nilimubeba mugongoni tukikimbia vita ya Beni. Yeye ndiye atanilaza."

Njoo mapema, Yaya.

Mudogo wako,
Kaswera

Kampala, 20 Machi

Mdogo wangu Kaswera,

Nimefurahi kwa jino la Aaron. Mimi nipo, uchovu tu.

Padri ameharakisha. Mimi nilikuambia nafikiria. Kwa masista ningekuwa peke yangu, usiku na mchana, na mashine ya kulazia wagonjwa ni mbovu. Karo nilikopa benki. Mshahara wao wote ungeishia humo. Hospitali moja ya hapa inanipa mara nne. Sijaamua.

Consolée asiningoje. Aende Kasese sasa.

Yaya wako,
Achille

Bwera, 11 Aprili

Yaya,

Mungu akulinde huko. Huku mvua inatupiga, lakini tuko.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale uliandika "sijaamua," moyo wangu ukatulia. Wanawake wa kanisa wamepaka chokaa nyumba utakayolala. Provia, jirani yetu, ameleta godoro.

Consolée nilimusomea maneno yako. Akacheka: "Achille anaona haya. Tangu mutoto iko hivyo, ukimupa nyama anasema ameshiba." Amekonda. Umuandikie wewe mwenyewe, mimi hanisikii. Na nikisema ukweli, sikumusukuma sana. Nilitaka uje.

Mudogo wako,
Kaswera

Kampala, 30 Mei

Mdogo wangu,

Naomba barua hii iwakute salama. Nimekawia kwa aibu.

Nimetia sahihi mkataba na hospitali ya hapa, miaka mitatu. Wazazi nimewaandikia. Baba anasema nimefanya vizuri. Mama hajanijibu.

Barua ya Consolée nimeianza mara nyingi, naichana. Mwambie wewe. Gari la kumfikisha Kasese nitalipa mimi. Daktari wa usingizi wa pale nimesoma naye. Ana mikono mizuri kuliko yangu. Mwambie hivyo.

Yaya wako,
Achille

Bwera, 14 Juni

Yaya,

Sisi tungali hai. Aaron anasimama akishika kiti.

Barua yako ilifika Jumanne. Consolée tulikuwa tumemuzika Jumapili. Ijumaa asubuhi damu ilitoka nyingi, tukatafuta gari. Alikata roho tukiingia Nyamwamba, karibu tufike hospitali ya Kasese, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Njiani aliniuliza Julai imebakisha siku ngapi, nikamuhesabia.

Sikulaumu. Habari kwa padri niliipeleka mimi.

Jana Kosmasi, mume wake, alikuja kutushukuru kwa mazishi. Akamupakata Aaron. Kisha akauliza: "Achille bado anafika mwezi ujao?" Barua yako ilikuwa mufukoni mwangu. Kabla sijafungua kinywa akasema: "Basi wanawake wengine watapona."

Nikamujibu ndiyo.

Mudogo wako,
Kaswera