Wapimwe Kwanza, Dada

Muaither, Doha
Ijumaa, Mfunguo Pili

Kwa dada yangu Mwajuma,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umeamka na nguvu zako, na goti limepunguza kukusumbua. Wifi yako Mwanaisha aliniambia umeacha kuingia majini kwenye mwani mpaka lipone. Nilifurahi, ingawa sikuamini sana, maana nakujua, wewe huachi kazi mpaka kazi ikuache. Shemeji kifua chake kinaendeleaje? Na mwanao Haji bado anashona makochi kule mjini, au ameshafungua mahali pake?

Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka. Si uchovu wa ugonjwa. Ni wa kusimama kutwa, na wa chumba cha watu sita ambacho kila mmoja ana saa yake ya kulala. Joto nalo limeshaanza. Asubuhi ukishuka kwenye basi, miwani inajaa ukungu hata huoni unakanyaga wapi, unasimama kama kipofu mpaka uifute kwa shati. Kazini kuna baridi ya mashine, nje kuna jiko, na mwili unashindwa kujua uko nchi gani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Kwenye simu tumeshazungumza, na unakumbuka ilivyokwenda. Nilipotaja neno kupima tu, ukasema, "Mdogo wangu, wameshapima. Wote kundi O. Sasa unataka nini tena, au mwanangu umemwona ana dosari?" Kisha nikasikia unapenga kamasi, na mimi nikashindwa kuendelea. Mimi na wewe tumezoea kukatana maneno tangu utotoni. Barua haikatizwi. Nimempa Bakari, yule dereva wa Makunduchi anayekaa Al Wukair, anakuja huko kwa likizo. Mwambie Haji akusomee taratibu, maana na yeye yanamhusu.

Dada, umemposea Haji binti yangu Zuhura. Kwanza nakushukuru. Sina kijana mwingine ninayemjua tabia kama ninavyomjua Haji, na mtu akiniuliza ningependa mwanangu aishi nyumba gani, nitasema kwako. Mimi ndiye baba, idhini iko kwangu, na ninyi mnaningoja ili ndoa ifungwe mwezi wa Mfunguo Sita. Sikatai. Naomba neno hilo likae moyoni mwako kabla hujasikia mengine.

Sasa nikueleze nilichokiona.

Huko wengi wanasema nafagia hospitali. Kufagia nafagia, lakini ni maabara ya chuo, wanafunzi wanakojifunza mambo ya vinasaba, ile DNA inayosemwa kwenye redio. Mimi naosha vyombo, naleta barafu, nachukua taka zao naziua vijidudu kwenye mtungi wa mvuke, na siku wakihitaji nawachemshia unga wa jeli. Fundi wa maabara ni Mkenya wa Busia, kijana anaitwa Wafula. Yeye ndiye ananieleza mambo, kwa sababu Mkenya na Mzanzibari wakikutana huku hawana budi kusemeshana, hata kama ni kwa kuchekana Kiswahili.

Mwanzoni mwa mwaka waliwafundisha wanafunzi kutoa vinasaba kwenye tende. Waliiponda tende, wakaitia maji ya chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo, wakachuja, kisha wakamimina spiriti baridi juu yake polepole. Pale katikati pakatokea kitu cheupe kama utando wa buibui, kikawa kinazungukia kijiti. Wafula akaniambia hicho ndicho kinachoifanya tende iwe tende, na mtoto awe na pua ya babu yake. Nilikitazama sana. Nilidhani kitu kama hicho hakionekani kwa macho.

Juzi ikawa zamu ya somo lingine. Wafula akaniita: "Mzee, leo ni ya sikoseli. Kuja uone, lakini usiguse kitu."

"Sisi watu wa visiwani hatugusi," nikamjibu. "Tunaangalia tu mpaka kiharibike."

Na kweli kiliharibika, ila si kwa mkono wangu. Mwalimu wao, mama wa Kisudani anayeitwa Daktari Ilham, alikuwa amewapa vichupa vidogo kuliko kidole, kimoja kimeandikwa baba, kingine mama, kingine mtoto. Ni familia ya kufundishia tu, si watu wanaojulikana. Vinasaba vyao vilikuwa vimeshatiwa kwenye mashine inayopasha moto na kupoza, moto na baridi, na kila mzunguko kile kipande wanachokitaka kinaongezeka mara mbili, mpaka kinakuwa kingi cha kutosha kuonekana. Kisha wanakitia dawa inayofanya kazi kama mkasi. Mkasi huo una macho, dada. Unakata mahali pamoja tu, panapoandikwa vizuri. Palipo na kasoro ya sikoseli, mkasi unapita bila kupatambua, na kipande kinabaki kirefu.

Baada ya hapo wanadondosha matone kwenye vishimo vya jeli, jeli inalala ndani ya maji ya chumvi, wanatia umeme, na vipande vinaanza kutambaa kuelekea waya mwekundu. Vifupi vinatangulia, virefu vinachelewa. Basi wasichana wa meza ya kwanza walichomeka waya kinyume, mwekundu pahala pa mweusi. Ile rangi ya buluu inayotiwa kwenye matone ikarudi nyuma ikatokea ukingoni mwa jeli, ikapotelea majini. Wafula akasimama mikono kiunoni.

"Mmewatupa baharini," akawaambia, "baba, mama na mtoto, familia yote." Wakacheka, na mwalimu naye akacheka, akasema waanze upya.

Ndipo nikaitwa kuchemsha jeli nyingine. Nilipokuwa naikoroga nikamuuliza Wafula unga huu unatoka wapi. Akasema unatoka kwenye mwani. Nikamwambia kwetu wanawake ndiyo kazi yao, dada yangu ana kamba zake pale Jambiani. Akasema si mwani ule wenu, ni aina nyingine, lakini ni jamaa. Nilikuonea fahari hata hivyo.

Mara hii waya zikawekwa sawasawa. Tulingoja. Kisha wakaipeleka jeli kwenye taa maalumu, wakazima zile za juu, na mistari ikawaka ndani yake. Baba alikuwa na mistari mitatu: mmoja wa kipande kirefu juu, na miwili ya vifupi chini. Mama naye mitatu, vilevile. Mtoto alikuwa na mmoja tu, ule wa juu.

Daktari Ilham akauliza, "Nani ataniambia hali za hawa?"

Msichana mmoja akajibu upesi kwamba baba amebeba ile kasoro na mama amebeba, wenyewe wazima, hawana hata dalili, na mtoto ni mgonjwa. Akasema hivyo akaandika, akageuza ukurasa. Hakukosea, na hakuwa na ubaya wowote. Lakini mimi nilikuwa nimeshika sinia tupu, na ule mstari mmoja niliuona ni Twalib.

Wafula akanitazama. "Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa. Ni hii taa tu."

"Toka nje kidogo upate hewa."

"Hewa ipi? Huko nje hata ndege wanatafuta kivuli."

Akanivutia kiti. Nikakaa. Nikamweleza kwamba nilikuwa na mtoto. Sikumweleza mengi. Sikumwambia vile vidole vyake vilivyovimba angali anatambaa, ukavikanda kwa mafuta ya nazi yaliyopata moto ukasema ni baridi. Sikumwambia alivyopenda kulala kwenye sakafu ya ukumbi wako kwa sababu saruji ilikuwa na ubaridi, na maumivu yakianza anasema, "Shangazi, mguu umeamka tena." Wewe ulikuwa unajibu, "Tuubembeleze ulale." Kuna siku ulimbeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari, naye ameshakuwa mkubwa, miguu yake inaning'inia mpaka magotini mwako. Mimi nilikuwa huku. Hayo nimeyapata kwa Mwanaisha, na nimeyaweka.

Nikamuuliza Wafula lile swali nililotaka kukuuliza wewe. "Watu wawili wakiwa wote kundi O, si wanapatana?"

Akatikisa kichwa. "Group ni kitu ingine, mzee. Group inakuambia nani anaweza kukupa damu. Haikuambii umebeba nini. Unaweza kuwa O na umebeba, unaweza kuwa AB na hujabeba. Nani anaoa?"

"Binti yangu. Anaolewa na mtoto wa dada yangu."

"Na wewe ulipoteza mtoto kwa sikoseli?"

"Ndiyo."

Akasema, "Basi wewe umebeba, na mama ya mtoto amebeba. Hiyo haina kubahatisha. Na dada yako umetoka naye tumbo moja."

Dada, hapo ndipo penyewe. Mimi na Mwanaisha tulipooana hakuna aliyetupima. Zuhura alipozaliwa, Mwanaisha akahitaji damu, nikatoa mimi, wakasema damu zetu ni moja. Wazee walifurahi, na wewe ulipiga kigelegele pale mlangoni pa wodi. Tukaona tumeshapimwa na tumefaulu. Ni neno lilelile moja, damu, likatutosha. Sasa naona na Haji na Zuhura wamepimwa hivyohivyo, na sisi tumefurahi hivyohivyo.

Watoto wako wote wazima, najua. Zuhura naye mzima, hajawahi kuumwa zaidi ya malaria. Lakini yule baba wa kwenye jeli alikuwa mzima, na mama mzima. Mimi mwenyewe nabeba mitungi ya maji ngazi mbili. Kubeba hakumwangushi mtu. Inaweza kuwa wewe hukubeba kabisa, au ulibeba na Haji hukumrithisha. Inaweza kuwa Zuhura ameponyoka. Mmoja wao tu akiwa hakubeba, mtoto wao hatapata ugonjwa ule, na tutapika pilau bila wasiwasi. Wakiwa wamebeba wote wawili, kila mimba ina hatari hiyo. Katika watoto wanne wa wazazi wa namna hiyo hukadiriwa mmoja ataugua, lakini hawajipangi foleni, dada. Anaweza kuwa wa kwanza. Anaweza asiwepo.

Unaweza kuhisi nimewatia watoto wetu doa. Nisikilize na hili. Daktari Ilham alisema hapa Qatar mtu hafungi ndoa bila kwenda kupimwa, tajiri na maskini. Msichana mmoja akasema yeye ameposwa na mtoto wa ami yake, wamekwenda kupimwa, na aliyewapeleka kwa gari ni mama mkwe mwenyewe. Hakuna aliyeona ametukanwa. Nilimsikia nikakufikiria wewe.

Kwa hiyo nakuomba uwe wewe. Mwanaisha hawezi kukutamkia jambo hili. Anaogopa wifi yake asije akadhani anatafuta wa kumtupia kifo cha mwanawe, na mimi nimemwambia anyamaze, nitasema mwenyewe. Wapeleke Haji na Zuhura hospitali ya mjini. Waseme wanataka kipimo cha sikoseli, siyo kundi la damu. Walitamke neno hilo hivyohivyo, na waeleze kwamba Twalib alikuwa ndugu yake Zuhura. Wafula amesema si lazima wawe na jeli na taa kama za kwetu, vipo vipimo vya damu vya kawaida vinavyoonyesha aliyebeba.

Na majibu yakitoka, daktari aongee na wao wawili, sisi wazee tubaki kwenye benchi nje. Wakiwa wamebeba wote na bado wakasema wanatakana, sitawazuia. Hilo nimelifikiria wiki nzima kwenye basi, na silisemi kwa hasira wala kwa kususa. Hata kama tungejua, nisingesema mimi na Mwanaisha tusioane. Ningekosa ile miaka saba ya Twalib, na siitoi. Lakini ningependa tungejua. Tungempeleka mapema, tusingemkanda mafuta ya nazi na kungoja asubuhi.

Nimezungumza na Mwalimu Sharifu, yule aliyetusomesha Kurani chuoni tulipokuwa wadogo. Nimempa uwakala wa kumwozesha Zuhura kwa niaba yangu, nisipopata ruhusa ya kusafiri. Atasubiri neno moja, na hatalipokea kwangu wala kwako. Atalipokea kwa Zuhura: kwamba wamepimwa, amesikia majibu, na anamtaka Haji. Siku hiyohiyo afungishe ndoa. Hamna haja ya kunipigia kwanza.

Nisalimie shemeji, mwambie nimemwekea kikoi. Nisalimie mama mdogo Bi Kidawa, ambaye najua atataka kusikia barua yote na kuichangia. Nisalimie Mwanaisha, ingawa naongea naye kila siku, salamu ya kupelekewa na mtu ina ladha yake. Na wewe, Haji, unayesoma haya kwa sauti mbele ya mama yako, pole kwa kubebeshwa mzigo huu. Sikukuona dosari hata siku moja. Nakutaka uwe mkwe wangu ukiwa umefumbua macho.

Dada, ukipita makaburini kumsomea Twalib, nitaje na mimi.

Mdogo wako,
Suleiman